Mtoto wa Ishirini

5 Oktoba 2024, Jumamosi. Kasulu

Daftari hili nimelinunua jana stendi ya Kibondo, kwa amri ya mhadhiri wetu, Daktari Majaliwa. Huu ni muhula wetu wa mwisho wa uzamili, masomo ya Jumamosi pamoja na utafiti mmoja mdogo, kila mtu shuleni kwake. Anataka tuandike shajara hadi tumalize. "Humo wekeni yale ambayo tasnifu haitayataka," alisema.

Tuko kumi na wanne darasani, walimu watupu. Mkubwa wetu ni Anatoli wa Kitanga, miaka hamsini na miwili, mwenye miwani miwili anayoivaa kwa zamu. Mimi nina arobaini na mbili. Tulikaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yamegota mbao, na mhadhiri alipoingia tulisimama wote bila kuambiwa. Akacheka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika ukurasa mmoja juu ya siku ya kwanza kazini. Sikupata shida. Julai 2005, lori liliniacha njia panda na begi moja na ndoo, natoka Korogwe, nina miaka ishirini na mitatu na sweta la kuazima. Mwalimu Mkuu Kipriani alikuja kunipokea na baiskeli. Akafunga begi kwenye keria, kisha hakuipanda. Aliikokota hadi Kumsenga ili tutembee pamoja, akinionyesha huu mto fulani, kile kilima fulani. Asubuhi yake nilifungua mlango nikakuta ndoo yangu imejazwa maji, na juu ya jiwe mkungu mdogo wa ndizi na maharage kwenye kikapu. Mama mmoja akapita na jembe begani, akaniambia, "Mwakeye." Nikamjibu, "Hapana, asante, nimeshiba." Kumbe ananiamkia tu. Kwa mwaka mzima akina mama walinicheka kwa hilo, na mimi nikajua nimefika kwa watu.

Nilipousoma darasani wote walicheka. Daktari Majaliwa alisema nina kumbukumbu nzuri.

10 Oktoba

Mvua ya kwanza. Kumsenga nzima iko shambani. Darasani wamekuja thelathini na mmoja kati ya tisini. Sisi wenyeji huo hatuuiti utoro, tunauita Oktoba.

19 Oktoba, Jumamosi. Kasulu

Nalala kwa Anatoli, kama kawaida ya safari hizi. Mkewe, dada Josepha, ananiwekea maji ya moto na kuniuliza kila mara kama shule hii haiishi.

Leo nimepitishiwa mada: kwa nini watoto wa darasa la kwanza Kumsenga wanachelewa kusoma, na kama kuanza na maneno ya Kiha, lugha ya nyumbani kwao, kunawasaidia kukifikia Kiswahili. Nitachukua watoto ishirini watakaoingia Januari. Kila mzazi aridhie kwa maandishi au kidole. Daktari Majaliwa ameongeza jambo: niwaulize wazazi wenyewe walivyosoma.

Hiyo ni rahisi. Nusu yao niliwafundisha mimi.

Nikimaliza, nina sifa ya kuomba ukufunzi wa chuo cha ualimu, na vyuo viko hata karibu na Korogwe. Mama yangu ana miaka sabini na minane. Kila nikimpigia ananiamkia "Onga makeo" kwa Kisambaa, kisha ananiuliza narudi lini, kama mtu aliyenituma dukani.

2 Novemba

Vumbi limekwisha, matope yameanza. Jozi mbili za viatu, moja ya njia, moja ya darasa.

16 Novemba

Wiki nzima nimekuwa nyumbani kwa wazazi, na sijui lini mara ya mwisho nilifurahi hivi. Kila mlango napewa kigoda. Mmoja ameniimbia wimbo wa kuhesabu niliowafundisha 2007, mistari yote, huku mkewe akimshangaa. Mwingine alikumbuka nilivyolia siku tulipomzika mwenzao aliyechukuliwa na mto. Wanasema, "Wewe ndiye mama yetu wa shule." Nimepata ridhaa kumi na tisa kwa siku nne. Nilimsimulia mume wangu Gharibu, ambaye ni dereva wa gari la wagonjwa na huja nyumbani Jumapili. Akasema, "Basi wewe huna haja ya kuhama, gombea udiwani."

21 Novemba

Nataka niandike hili kama lilivyokuwa, kabla sijaanza kulipamba.

Mzazi wa ishirini ni Yusta. Ana miaka ishirini na saba, nyumba yake iko mteremkoni karibu na kijito, na bintiye Niyubahwe ataanza la kwanza Januari. Jina la Yusta nililifahamu, sura sikuikumbuka vizuri. Nilimkuta uani anapepeta mbegu za maharage. Aliniamkia shikamoo kwa adabu kamili. Nikaeleza shida yangu, nikatoa fomu.

Akasema, "Mwalimu, waandike wengine. Wangu hapana."

Nilidhani ni woga wa karatasi. Nikamweleza kwamba jina halitatajwa, kwamba si kodi wala si siasa.

"Nimeelewa. Wangu hapana."

"Kuna kitu kimekuudhi?"

Aliweka ungo chini. "Mwalimu hukumbuki?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sikumbuki.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Alikuwa darasa la pili. Kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, kimeandikwa NIMESEMA KIHA. Aliyeteleza akasema Kiha alikivaa shingoni, na hakukivua mpaka amkamate mwenzake akiteleza, amvishe. Mwisho wa siku aliyekutwa nacho alichapwa. Nilikuwa nakikumbuka kibao hicho, kama mtu anavyokumbuka kengele ya shule. Nilikuwa sikumbuki kwamba kilikuwa na watu.

"Mimi nilikivaa siku nne," alisema. "Wenzangu walikuwa wanajibanza vichakani kusikiliza nani anasema Kiha. Mimi niliona haya. Nimsikilize rafiki yangu ili achapwe yeye? Nikabaki nacho. Siku ya nne nilibanwa na haja ndogo, wewe uko ubaoni. Maneno ya kuomba ruhusa nilikuwa nayo, mwalimu. Nilikuwa nayajua vizuri. Lakini niliogopa nikifungua kinywa kitoke Kiha. Nikanyamaza. Nikajikojolea pale kwenye benchi, na maji yakapita chini mpaka kwa wavulana."

Nikamuuliza nilifanya nini.

"Hukunipiga. Ulinipa tambara nipanguse. Ukaendelea kufundisha."

Kuku walikuja wakaanza kula mbegu, na hakuna kati yetu aliyewafukuza.

"Sikurudi tena," alisema. "Baba alinichapa, mama akanichapa. Nikawaambia niueni, kule sirudi. Huyu wangu lazima aje shule, najua, siku hizi ni sheria, na mimi nataka asome. Ila kwenye karatasi zako asiwepo."

Nilisema pole. Nilitamka kama tunavyomwambia mtu aliyejikwaa. Akaitika, "Asante, mwalimu," akaokota ungo wake.

22 Novemba

Nimekwenda stoo ya shule baada ya vipindi, nikatafuta madaftari ya mahudhurio. Mchwa wamekula ya 2004 na 2008. La 2006, darasa la pili, lipo. Ni mwandiko wangu, na ni mwandiko mzuri, herufi zimelala upande mmoja kama tulivyofundishwa chuoni. Mwezi Septemba, mbele ya jina la Yusta: alama za kuhudhuria, kisha *mtoro*, *mtoro*, *mtoro*, safu nzima, hadi Novemba. Mwishoni kwa wino mwekundu: *amefutwa*.

Nimekaa juu ya gunia la chaki mpaka mlinzi akaja kunifungia.

24 Novemba, Jumapili

Gharibu amenipeleka Kitahana kwa pikipiki ya rafiki yake, kwa Mzee Kipriani. Sijamwona tangu astaafu. Mguu mmoja haumtii, lakini bado anachonga kalamu ya risasi kwa wembe, na bado ananiita "Rabia mwanangu." Tulikumbushana mengi. Siku bati za darasa zilipoezuliwa na upepo tukafundisha nje miezi miwili. Redio yake ya betri sita. Walimu watatu kugawana chungu kimoja cha maharage wakati mishahara imechelewa, na jinsi tulivyocheka wakati ule. Nilitamani nibaki hapo hapo, nisiulize kilichonileta.

Nikauliza. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwa heshima kwamba ule mtindo wake wa kibao uliwaumiza watoto.

Aliinua uso. "Mtindo wangu?"

"Kile kibao cha Kiha, Mwalimu Mkuu."

"Rabia mwanangu, kile ulikileta wewe."

Nikasema hapana.

"Ulikuja ofisini kwangu, mwaka wako wa kwanza. Ukasema watoto hawa Kiswahili kitawashinda, kwetu tulifanyiwa hivi tukajua. Fundi seremala alikichonga, maandishi uliandika wewe. Mimi ni Muha, ningewezaje kuwavalisha wangu? Lakini nilisema, huyu binti katoka upande wa pwani, ndiko Kiswahili kilikozaliwa, lazima anajua." Alisugua goti lake. "Na matokeo yalipanda. Tulisifiwa wilaya nzima. Mimi nilifurahi, sikukataza. Kwa hiyo usinibebeshe lote, na wewe usibebe lote."

Njiani mvua ilitukuta, hatukusimama kujikinga.

25 Novemba

Nimempigia mama. Nilimuuliza kama anakumbuka kibao shuleni kwetu.

"Sana," alisema. "Ulikuja nacho nyumbani siku moja, umeongea Kisambaa, umekosa wa kumvisha. Baba yako akataka kukitia jikoni. Ulimshika mkono ukalia, baba usikichome, mwalimu ataniua. Ulilala nacho."

"Mimi?"

"Kwani nina Rabia wangapi?"

Hilo pia nilikuwa silikumbuki.

30 Novemba, Jumamosi. Kasulu

Niliwaza kubadili mada. Nilimfuata Daktari Majaliwa wakati wa chai, Anatoli akiwapo, nikawaeleza yote. Anatoli alivua miwani ya kusomea akavaa ya mbali.

"Na mimi nilikivaa," alisema, "Kitanga, mwaka themanini na mbili. Na nilipokuwa mwalimu nikavisha wengine. Mpaka leo nilikuwa naona ni kama kupiga mswaki."

Daktari Majaliwa hakunifariji. Alisema mada nisiibadili kwa sababu imenigusa. "Lakini huyo mama, ukirudi kwake, ujue umerudi kutafuta nini. Kama ni saini, usiende."

8 Desemba, Jumapili

Shule imefungwa juzi. Leo nimekwenda kwa Yusta bila fomu na bila begi. Alikuwa shambani peke yake, anapalilia maharage, mvua imeacha tangu alfajiri na udongo unanata.

Nikamwambia, "Yusta, kibao nilikileta mimi. Si Mzee Kipriani. Mimi ndiye niliyekitoa kwetu. Na nilikuandika mtoro miezi mitatu wakati nilijua nyumbani kwenu ni wapi, sikuja kuuliza. Nimekuja kukuomba radhi."

Aliegemea jembe. "Umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya shule yako?"

"Ilianza kwa ajili ya shule."

"Na leo?"

"Leo sina karatasi."

Akatazama mikono yangu, kweli mitupu. Akaenda ukingoni mwa shamba akaniletea jembe la pili, la mpini mfupi. "Basi tulime," alisema.

Tulilima hadi saa saba. Nilikuwa nimeacha kwenda shamba miaka mingi, malengelenge yalitoka mstari wa pili. Yeye hakupunguza mwendo. Tulipofika mwisho wa tuta la mwisho alisema, bila kunitazama, "Mimi pole yako nimeisikia. Siijui nitaiweka wapi. Ila huyu mtoto asikae kimya. Hilo tu. Nyumbani anaongea mpaka tunachoka, na mimi naogopa akifika kwako atanyamaza."

"Nitajitahidi."

"Usijitahidi, mwalimu. Angalia tu asinyamaze."

25 Desemba

Maharage yametoa maua. Majirani wametuletea pilau la Noeli, Gharibu amekula la watu watatu.

14 Januari 2025

Jana tumefungua. Darasa la kwanza ni watoto mia na watatu. Niyubahwe ni mdogo, shingo ndefu, sare imepindwa mara mbili ili imtoshe miaka mitatu. Mamaye alimleta hadi njia panda, hakuvuka geti. Aliniamkia kwa mbali.

Nimewaamkia watoto "Mwakeye." Wakacheka wote kwa pamoja, kama mvua juu ya bati. Wote isipokuwa mmoja.

24 Januari

Namna ninavyofanya: asubuhi naanza na vitu vya nyumbani kwao. *Inzu*, *amazi*, *umwana*. Tunasema, tunapiga makofi kwa silabi, tunaandika. Kisha hapo hapo *nyumba*, *maji*, *mtoto*. Wanaona wenyewe kwamba herufi ni zile zile. Kiha changu cha miaka kumi na tisa ni cha sokoni, kinawachekesha. Nimeruhusu wanirekebishe.

Niyubahwe hasemi. Anaandika ninachoandika, anafuta, anaandika tena. Nikimuuliza jina lake anatazama kidole gumba cha mguu.

3 Februari

Mavuno ya maharage yameisha, darasa limejaa. Yeye kimya.

11 Februari

Mwalimu Mkuu wa sasa, kijana mwenye haraka, amepita dirishani akasikia Kiha. Kaniita ofisini. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, alisema, nani atajibu wakija kutukagua? Nilimwambia nitajibu mimi. Nilimwonyesha mada yangu na barua ya kibali cha utafiti. Akasoma yote, midomo ikicheza. "Dakika ishirini za mwanzo," alisema mwishowe. "Zikizidi, sikujui."

Nilipokuwa na umri wake nisingempa mtu hata dakika tano.

20 Februari

Wiki ya sita. Kumi na tisa wangu wanakwenda vizuri, kumi na wawili wanaunganisha silabi. Watu wa tasnifu watafurahi. Mimi kila nikigeuka ubaoni namtafuta yeye, benchi la tatu, karibu na ukuta. Leo nilimuuliza kwa Kiha, polepole, kama anataka kwenda nje. Akatikisa kichwa. Nikamwambia akitaka asimame tu aende, asiniombe kwa lugha yoyote. Nimewaambia wote hivyo. Saa ile ile wakasimama arobaini.

5 Machi

Mfungo umeanza. Kinywa kikavu, chaki mkononi, njia ya matope. Wakati wa daku nilikumbuka futari za Korogwe, magimbi ya nazi, na baba akiwa hai. Nazi hapa hufika moja moja na bei yake ya mgeni. Nilizoea kulalamika kwamba sehemu hii haina nazi. Nikienda huko nitalalamika kwamba hakuna maharage haya.

13 Machi

Leo.

Nilichora chungu ubaoni. Usingizi wa daku ulikuwa bado machoni. Nikasema kwa sauti, "Inkono," chungu, wakaitikia wote, "Inkono." Nikaandika chini ya mchoro, nikageuka kuwaangalia, nikaanza kupiga makofi ya silabi. Watoto mia na wawili walifuata.

Sauti ikatoka ukutani, ndogo, ya kukereka kidogo: "Si inkoni. Ni inkono."

Nikageuka ubaoni. Nilikuwa nimeandika *inkoni*. Yaani fimbo. Mkono ulikuwa umeteleza herufi moja ya mwisho, na darasa zima lilisoma kutoka kinywani mwangu. Yeye peke yake alisoma kutoka ubaoni.

Nikamuuliza, "Umejuaje?" Akasimama, akaja mbele, akaweka kidole juu ya ile *i*. "Hii," alisema. Kisha akachukua chaki mkononi mwangu, akafuta kwa kiganja, akaandika *o*, ya duara, kubwa kuliko zote.

Nilimwambia asante kwa Kiswahili, halafu kwa Kiha, halafu sikuweza kuendelea na somo. Niliwatoa nje mapema wakacheze. Mpaka kengele ya pili ilipolia alikuwa anabishana na wenzake juu ya kamba ya kurukia, na kwa kubishana hakuwa na mfano.

14 Machi

Nilimfuata Yusta njia panda, nikamsimulia. Alinisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Alikusahihisha?"

"Mbele ya darasa zima."

"Na wewe?"

"Nimekosea, nimesahihishwa."

Akacheka, mara ya kwanza namsikia. Nikajiona nimepata nafasi, nikasema lile ambalo nilikuwa nimelala nalo: kwamba huo ndio ushahidi mkubwa kuliko yote niliyonayo, mtoto asiyesema lakini anasoma, kwamba ungeifanya tasnifu nzima isimame. Jina halitakuwapo. Kidole tu kwenye fomu.

Kicheko kiliondoka usoni mwake taratibu. "Mwalimu, nilikwambia."

"Ndiyo, ulinambia."

"Nimefurahi amesema. Nakushukuru. Lakini mimi na mwanangu si vitu vya kwenda kuonyeshwa Kasulu."

Nimerudi nyumbani nimeona aibu. Miezi minne tu, na tayari nilikuwa nimesahau tena.

22 Machi, Jumamosi. Kasulu

Anatoli anasema nimwandike "Mtoto N", hakuna atakayejua. "Kumsenga kuna watoto wangapi wenye N?" Dada Josepha alikuwa anatenga futari yangu, ingawa wao ni Wakristo. Akasema, "Mama mtu atajua." Anatoli akavaa miwani.

Nimeandika jedwali la watoto kumi na tisa.

12 Aprili, Jumamosi. Kasulu

Nimewasilisha. Jopo la watu watatu, projekta ikazimika mara mbili kwa sababu ya umeme kukatika, nikaendelea kwa mdomo. Watoto kumi na tisa, kumi na sita wanasoma sentensi fupi za Kiswahili. Walikubali kwa vichwa, wameridhika.

Mama mmoja wa jopo, mwenye sauti ya upole, akapindua kurasa. "Ulipanga ishirini. Wa ishirini yuko wapi?"

"Mzazi wake hakuridhia."

"Ulijua sababu?"

Ningeweza kusema ni haki yake, na ingetosha. Daktari Majaliwa alikuwa anatazama dirishani, hakunisaidia kwa lolote.

"Sababu ni mimi," nilisema. Nikawaeleza kibao, nani alikileta, nani alikichonga, na maneno ya wino mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Ya kwangu tu. Kuhusu benchi na tambara sikusema, hayo si yangu kuyatoa. Nilisema pia kwamba nilikivaa mimi mwenyewe Korogwe na nikalala nacho, na kwamba hayo niliambiwa na mama yangu kwa simu, kwa sababu nilikuwa nimebakiza kumbukumbu zile tu zinazonipendeza.

Kisha mzee mmoja wa jopo akasema kwamba hilo sura ya nne inalihitaji, niliongeze kwa jina langu. Nimefaulu kwa masharti ya marekebisho. Nje, Anatoli alinishika mkono akaushikilia muda mrefu kuliko kawaida yetu.

15 Aprili

Nimejaza fomu ya kuomba ukufunzi. Nitaondoka mwakani, Mungu akipenda, mama hatanisubiri milele. Gharibu anasema atazoea kuendesha gari kwenye joto. Nilipofika mahali pa kuandika kituo cha kazi na miaka, mkono ulikawia.

18 Aprili

Mvua leo imekuwa nyepesi, ya kuaga. Nilishuka hadi kwa Yusta saa kumi kumpa habari. Niliona ni haki yake ajue nilichosema mbele ya watu.

Alikuwa mlangoni anamsuka binti yake. Nikamweleza yote, nilichosema na nilichonyamaza. Niyubahwe alisikiliza huku kichwa kimevutwa upande.

"Na wangu hukumwandika?" Yusta aliuliza.

"Sikumwandika."

"Hata herufi?"

"Hata herufi."

Akamaliza msuko, akaufunga kwa uzi mweusi, akaukata kwa meno. Mara zote nilizokuja tulizungumza uani, shambani au njiani. Aliinuka, akasogeza pazia la mlango.

"Basi pita ndani, mwalimu," alisema. "Maharage yameiva."

Akaniambia kitu kingine kwa Kiha, cha haraka, nikashika nusu. Nikajibu kwa Kiha nilichokuwa nacho. Mama na mtoto walitazamana, wakacheka mpaka mtoto akakaa chini.

"Nimesema nini?"

"Umesema wewe ndiye chungu," alisema Niyubahwe, kwa Kiswahili safi, na akanifundisha upya tangu mwanzo.